Fonti bora ya mwaka, na bado imeshindwa kuandika Ng'ambo

Nyota moja. Na hiyo moja naitoa kwa sababu ya feni yao tu, maana chumba chenyewe hakina dirisha. Ni ofisi ya uchapaji hapa Tabora mjini, jina silitaji, ila ni wale walioweka kwenye status kwamba wanatumia "fonti bora za mwaka, kiwango cha kimataifa", yaani maumbo ya herufi wanayochapia. Niliingia mwenyewe kwa miguu yangu kwa sababu ya maneno hayo, na mambo ya picha, kadi za harusi na sijui mihuri wanayofanya sitayagusa. Nina jambo langu moja.

Mimi nafungasha asali. Naichukua vijijini, ya nyuki wakubwa na ya nyuki wadogo, nachuja nyumbani Ng'ambo, naweka kwenye chupa. Biashara hii bila lebo huna kitu. Asali ya nyuki wadogo bei yake iko juu, na mnunuzi wa Dar akiona chupa tupu anaamini moja kwa moja umechanganya sukari. Kwa hiyo nikasema mwaka huu nifanye lebo ya maana, maonesho ya Nane Nane yalikuwa yanakaribia na nilishapata meza kwenye banda pale Ipuli. Nikaagiza lebo 500, nikalipa nusu.

Nilipokwenda kuzichukua kijana akafungua bahasha kwa madaha, akanitolea ya juu. ASALI YA NYUKI WADOGO. Jamani, ilikuwa nzuri. Nilitabasamu kabisa. Nikashuka na macho mpaka chini kwenye anwani. Pameandikwa Ng, halafu kimraba kitupu, halafu ambo. Kisanduku kisicho na kitu ndani kimekaa katikati ya jina la mtaa wangu, kina kona zake nne, kimechorwa kwa mstari mwembamba, safi kabisa. Nikachukua lebo nyingine, hivyo hivyo. Nikafunua ya chini kabisa ya bunda, hivyo hivyo.

"Hiki ni nini?"

Akakitazama. Akakitazama tena.

"Mama, hiyo ni staili ya fonti."

Staili! Nikamwambia mwanangu, hapa pana ritifaa, hicho kialama cha juu baada ya Ng, Ng'ambo inaandikwa na ritifaa tangu mimi niko darasa la pili. Akanijibu kwamba fonti hiyo imetajwa kwenye orodha ya fonti bora za mwaka huko Ulaya, wataalamu wameichagua, kwani hao wataalamu hawajui? Pale kwenye benchi kuna watu wanasubiri fotokopi, wote wameacha simu zao wanasikiliza. Nikasema basi wataalamu waje kukaa Ng'ambo. Ndipo akanitolea ile kauli ambayo mpaka leo nikiikumbuka mkono unatetemeka:

"Wewe mama uza asali, maandishi tuachie sisi."

Mimi nilimlipa. Nusu ya hela ilikuwa kwenye droo yake. Na mwalimu mmoja pale kwenye benchi akacheka, simsamehe naye. Kama angesema "samahani mama, tumekosea", ningekunywa maji, ningekaa chini ya feni, tungeyamaliza. Watu wa uchapaji mnapaswa kujua kwamba mteja hasomi fonti, anasoma jina lake, na jina lake likikosewa, hayo mapambo mengine yote hayana kazi.

Suluhisho lake la kwanza lilikuwa tuandike Ngambo, "watu wataelewa". Nikakataa. Suluhisho la pili akalifanya bila kuniuliza. Nimerudi, kisanduku kimeondoka kweli, lakini mahali pake kuna kimkwaruzo kimelalia upande usio wake, kinene kuliko herufi zilizokizunguka. Nikajua tu. Amebonyeza kile kitufe cha juu kushoto kwenye kibodi, cha pembeni ya namba 1. Hiyo siyo ritifaa! Ritifaa iliyochorwa na fundi ina kichwa kizito juu na mkia unaoshuka ukielekea kushoto. Sasa tembeeni mji huu mtazame mabango, mabucha, mahoteli, hata kadi za harusi: kila penye ng' wamechomeka hicho kimkwaruzo. Tumezoea. Mimi sikuwa na muda tena, Nane Nane ilikuwa imefika, nikazibandika hivyo hivyo na asali ikauzika. Asali yenyewe haina tatizo.

Halafu kuna Ilolangulu. Asali yangu ya nyuki wadogo inatoka Ilolangulu, na nilitaka iandikwe, kwa sababu wanaojua asali wanapenda kujua imetoka wapi. Kwenye hiyo fonti yao ya kimataifa I kubwa ni kijiti, na l ndogo ni kijiti kile kile. Mteja wangu wa Dar niliyemtumia picha ya lebo akanipigia kuuliza hiyo "Lolangulu" iko wilaya gani, na akanishauri kwa upole kwamba nimeweka l mbili kwa bahati mbaya. Mkoa huu! Ipuli, Isevya, Itetemia, Itonjanda, Ifucha, Igalula, Igunga. Ukitaka kumkomoa mchora herufi mlete Tabora. Times New Roman, ambayo ilitengenezewa gazeti la The Times la London na kuanza kutumika 1932, haijawahi kunifanyia ushenzi huu. Barua zangu zote za kuomba mkopo niliandika kwa hiyo, wakaninyima mkopo lakini anwani waliisoma.

Sasa niseme kitu kitakachowashangaza. Ile fonti ni nzuri. Siwezi kusema uongo. Lebo moja yenye kisanduku nimeibandika jikoni kwenye kabati, na kila nikisubiri chai naitazama. Ile S ya ASALI tumbo lake la chini ni kubwa kidogo kuliko la juu, kwa macho huwezi kuona, inaonekana imekaa sawa tu. Lakini igeuze lebo juu chini, mara S inakuwa na kichwa kikubwa, inataka kuanguka. Kumbe mtu amekaa akapima, akajua jicho la binadamu linadanganyika wapi, akalisahihishia kabla halijadanganyika. Hapo nilianza kumwonea huruma huyo mchoraji, popote alipo, kwa yanayofanyika kwa kazi yake huku.

Huruma yenyewe ilizidi alipokuja likizo binti wa dada yangu, anayesomea usanifu. Kaiona lebo kwenye kabati, kacheka. "Mama mdogo, hii wametumia ya majaribio." Akanieleza. Wachora herufi wengi huachia toleo la kujaribia, lina A mpaka Z na vitu vichache, alama nyingine wamezizuia makusudi. Wewe unajaribu mezani kwako, ukiona inafaa na unataka kuifanyia biashara, unanunua leseni na unapewa fonti kamili. Sasa kompyuta ikitafuta umbo la alama ndani ya fonti ikakosa, programu nyingine huazima kutoka fonti ya jirani, nyingine huweka kisanduku. Mafundi wenyewe wanakiita tofu hicho kisanduku, na Google walipotengeneza familia ya fonti zao za Noto, lengo lilikuwa kukifuta duniani, hata jina lenyewe limetokana na Kiingereza "no tofu", hapana tofu.

Kwa hiyo yule mchoraji hakuwa amesahau ritifaa. Aliiweka, akaifungia ndani, akasubiri alipwe. Kuchora familia moja ya herufi kunaweza kumla mtu miaka. Na hawa mabwana wamechukua la bure, la kujaribia, wameenda kufanyia biashara, na kwangu mimi wakatoza. Nikaenda kuitafuta risiti kwenye mkoba. Upo mstari wake peke yake: gharama ya fonti ya kimataifa. Nililipia wizi!

Naomba pia nizungumze na hao wanaotoa orodha za fonti bora kila mwaka unapoisha, maana hasira ikishapanda haichagui. Binti alinionyesha baadhi kwenye simu. Zinapendeza, usiku mzima tuliangalia, kuna moja herufi g yake nilitamani niishone kwenye kitenge. Lakini zinaonyeshwa kwa maneno gani? Kiingereza, kubwa, maneno matatu. Au ile sentensi yao ya mbweha wa kahawia anayemruka mbwa mvivu, iliyotungwa ili ibebe herufi zote za alfabeti ya Kiingereza. Haina ritifaa hata moja. Fonti inaweza kupita mbele ya majaji wote na mbweha wake, ikapigiwa makofi, na hakuna aliyewahi kuiandikia neno moja lenye ng'. Huku kwetu bila ng' huuzi hata maziwa.

Siyo wote lakini, nirudishe maneno kidogo. Klabu ya wataalamu wa herufi ya New York, Type Directors Club, iliyoanza 1946, mwaka 2003 iliipa cheti cha ubora fonti inayoitwa Gentium, kazi ya Victor Gaultney, ambayo ilichorwa hasa kwa ajili ya lugha za dunia nzima zinazotumia alfabeti hii yetu. Kwa hiyo wakitaka wanaona. Gentium iko kwa SIL, shirika linaloshughulika na lugha za dunia, bure, na ni hao hao wenye Andika, ambayo imechorwa kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma, herufi zake zisichanganywe moja na nyingine. Jina la Kiswahili kabisa, na pale ofisini hakuna aliyekuwa ameisikia. Watu wa fonti za kimataifa!

Iliyonimaliza mimi ni Atkinson Hyperlegible. Ilitoka 2019, wameitengeneza Braille Institute ya Marekani kwa ajili ya watu wenye uoni hafifu, na 2025 wakaileta upya kwa jina la Next, unene wa aina nyingi wa kuchagua. Bure nayo. Binti akaniandikia Ilolangulu kwenye kompyuta yake. I kubwa ina vijistari juu na chini, l imekunja mkia, hata kipofu nusu anaona hizo ni herufi mbili. Akaandika Ng'ambo. Ritifaa ikakaa mahali pake, na mkia wake. Nikamwambia rudia, nione tena. Kama mtu ataniuliza mimi fonti bora ya mwaka, nimeshajibu, na majaji waendelee na mbweha wao.

Tukaiweka kwenye flashi, nikarudi ofisi ile ile. Ndiyo, ile ile, msinishangae. Mashine yao ndiyo inayokata stika vizuri kuliko zote nilizojaribu mjini hapa, na wino wao haufutiki hata asali ikichuruzika juu yake, hilo nimelipima kwa kidole. Kijana akachomeka flashi, akaitazama fonti, akasema, "Mama, hii mbona ya bure? Itaonekana ya kawaida." Sikumjibu. Nimekaa kwenye kiti nikamwangalia mpaka karatasi ya mwisho.

Zimetoka safi. Nimezisoma moja moja pale pale kaunta na benchi zima likinisubiri. Wakati huo nilikuwa nimeshaamua kuwapa nyota tatu, hata nne, kwa sababu kazi ni kazi, na kijana mwenyewe alinibebea boksi mpaka kwenye bodaboda akaniita mama kwa sauti ya kawaida ya watu. Nikafika nyumbani, nikakunjua risiti ili niibandike kwenye daftari la matumizi.

Gharama ya fonti ya kimataifa. Tena! Fonti niliyokuja nayo mimi, kwenye flashi yangu, ya bure, wamenitoza.

Nimepiga simu. Kijana anasema mambo ya hela ni ya bosi. Bosi hapokei, na kwenye WhatsApp naona kabisa ameshasoma. Nyota moja inabaki palepale mpaka hiyo hela irudi, na mkienda huko, nendeni na fonti yenu kwenye flashi na risiti muisome kabla hamjatoa pochi. Mwenye namba nyingine ya huyo bosi anitumie.