Riviu: elimu ya msingi bila ada, nyota 3 kati ya 5

Leo natoa riviu ya huduma ambayo wengi hata hatuihesabu kama huduma, elimu ya msingi bila ada, hii inayotolewa na serikali za nchi za kipato cha chini. Naipa nyota 3 na nitasema kwanini, maana naona kuna wanaoisifia kama vile kazi imeisha na kuna wanaoiponda yote, na pande zote mbili wanaruka jambo moja kubwa sana.

Kwanza tuipe haki yake. Ada ilikuwa kikwazo kweli kweli asikudanganye mtu. Malawi walipoifuta 1994 wanafunzi wa msingi walitoka kama milioni 1.9 wakafika karibu milioni 3 kwa mkupuo, Uganda wakafuata 1997, Tanzania 2001, Kenya 2003 na wao wakaruka kutoka milioni 5.9 hadi 7.2, na mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge akaenda kujiandikisha darasa la kwanza akiwa na miaka 84. Miaka 84 jamani! Halafu bado unamsikia mtu anasema masikini hawathamini shule. Watu walikuwa wanasubiri tu mlango ufunguliwe.

Madarasa yalifurika hilo tunajua, sitakaa hapo. Ila Lesotho nawapongeza, walianza na darasa la kwanza tu mwaka 2000 wakawa wanaongeza darasa moja kila mwaka, ndo inavyotakiwa.

Sasa malalamiko. Ada imefutwa kwenye waraka lakini sare ipo, daftari zipo, michango ya mlinzi na ya mitihani ipo, inaitwa hiari ila asiyetoa mtoto wake anarudishwa nyumbani. Cheti cha kuzaliwa nacho, UNICEF wanakadiria watoto kama milioni 150 wa chini ya miaka 5 duniani hawajasajiliwa kabisa, sasa ukimwambia mzazi bila cheti hatumuandikishi umeshamfukuza huyo. Yanakera sana haya lakini angalau yanarekebishika kwa amri, mwalimu mkuu akiambiwa pokea mtoto cheti kitafuata, anapokea.

Kinachoniuma mimi ni umbali. Huo hakuna waraka wa kuufuta. Mtoto wa miaka 6 hawezi kutembea kilomita 4 kwenda na 4 kurudi kila siku, hapo katikati kuna mto hauna daraja, mvua ikinyesha ndo basi, mama anaangalia anasema ngoja akue kidogo, mwaka unapita, mwakani hivyo hivyo, anafika miaka 9 au 10 na sasa ameshakuwa wa kuchunga mifugo au kulea mdogo wake na hata akipelekwa anaona aibu kukaa na vitoto vya miaka 6. Wakija wa takwimu wanaandika ajira ya watoto, au mzazi hana mwamko. Wakati chanzo chote ni ile njia! Na akiwa wa kike ndo kabisa, mzazi haogopi uchovu tu, anaogopa atakayekutana naye huko njiani.

Na hili limepimwa. Mkoa wa Ghor kule Afghanistan watafiti walikuta kila maili moja inayoongezeka kati ya nyumba na shule inashusha uandikishaji kwa kama pointi 16 za asilimia, wasichana wanaumia zaidi, na vijiji vilivyopewa shule ndogo zao wenyewe pengo la wasichana na wavulana karibu lilifutika. Burkina Faso nao mradi wa BRIGHT ulijenga shule kwenye vijiji 132, na vyoo vya wasichana peke yao, maji, chakula, nyumba za walimu palepale, uandikishaji ukapanda karibu pointi 20. Yaani mzazi yuleyule mnayesema hana mwamko.

Ndo maana nazipenda shule shikizi za Tanzania, darasa moja au mawili karibu na makazi, wadogo wanaanzia hapo wakishapata miguu ya kutembea wanahamia shule mama. Shida ni kwamba nyingi ya shule hizi zinaanzishwa kwa nguvu za wananchi wenyewe, wanafyatua tofali, wanapaua, halafu wanakaa kusubiri mwalimu. Hapo ndo serikali iweke hela, kabla ya kujenga ghorofa pale wilayani kwa ajili ya picha. Wakifanya hivyo nyota ya nne natoa siku hiyohiyo. Ya tano naishikilia kwa ajili ya mtoto wa kiti cha magurudumu, maana yeye hata shule ikiwa mita 200 kutoka kwao bado mlangoni kuna ngazi tatu, na choo hakiingiliki.