Kupimwa uwezo wa kazi Area C, Dodoma: maoni ya mkulima wa zabibu

Huduma yenyewe iko hivi: mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, anakaa nawe kama saa moja na nusu, anapima unaweza kufanya nini katika kazi zako za kila siku na kwa kiasi gani, halafu anakupa karatasi ya majibu. Hakuna sindano wala eksirei. Kituo kiko Area C, nyumba ya kuishi iliyogeuzwa kuwa kliniki ya utengamao. Jina lake nimeliacha kwa sababu ninachotathmini ni upimaji, na upimaji wa aina hii unaweza kufanyika popote penye mtaalamu wa fiziotherapia. Nililipa shilingi 40,000 taslimu, na kurudia kupimwa ni nusu ya hapo. Kwa mkulima hiyo ni hela. Nimeona faida yake, lakini si kwa kila walichonipima, na ndiyo maana naeleza kwa kirefu.

Mimi nalima zabibu Hombolo. Nina shamba langu, na msimu wa kupogoa nasimamia pia mashamba ya watu wengine. Kwa asiyeijua kazi hii, Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba, na katikati kuna kupogoa, kufunga matawi kwenye waya, kupalilia na kupiga dawa ya ukungu. Kupogoa ni mkasi mkononi kuanzia asubuhi mpaka jua linazama. Kuvuna ni kuinama, kukata vichala, na kubeba kreti kutoka mstarini mpaka gari lilipo. Mwaka jana vidole vya mkono wa kulia vikaanza kufa ganzi, na kiuno kikawa kinakaza kila nikiamka.

Kabla ya hapo nilikuwa nimekwenda hospitali moja nikajaziwa fomu ya mambo kumi: unakula mwenyewe, unaoga mwenyewe, unavaa, unakwenda chooni, unapanda ngazi, na mengine ya namna hiyo. Nilipata 100 kwa 100, nikaambiwa niko vizuri, nikarudi shambani na ganzi yangu. Yule mtaalamu wa Area C, ambaye ni kijana, ndiye aliyenieleza kwamba fomu ile ni ya Barthel, ilitoka mwaka 1965, na ilikusudiwa wagonjwa wa hospitalini, ijulikane nani anajimudu na nani anahitaji kushikwa mkono. Si fomu mbaya. Ila mtu anayetoka kwake alfajiri na jembe begani atapata alama zote mia, hata kama mkono wake unaelekea kumshinda. Mfanyakazi hapimwi kwa kuulizwa kama anaweza kuvaa shati. Anapimwa kwa kuulizwa kazi yake inadai nini, na ni saa ngapi ya siku mwili unagoma.

Hapo ndipo kituo hiki kinaposhinda. Kabla ya kifaa chochote kutolewa, kijana alichukua karatasi tupu.

"Mama, niambie kazi tatu ambazo zamani ulikuwa unazifanya bila kufikiria, na sasa zinakusumbua."

Nikamwambia: kukata kwa mkasi siku nzima bila vidole kufa ganzi, kubeba kreti iliyojaa, na kuchuchumaa kupalilia kwenye mashina. Kila moja akaniambia niipe alama kuanzia 0 mpaka 10. Sifuri maana yake siwezi kabisa, kumi ni kama nilivyokuwa kabla ya tatizo. Nikatoa 4, 3 na 6. Njia hii ilichapishwa Kanada mwaka 1995, na uzuri wake ni kwamba maswali yanatoka kwa mwenye kazi. Nilikwenda na wifi yangu, mwalimu wa shule ya msingi anayesumbuliwa na bega. Karatasi yake haikufanana na yangu hata mstari mmoja: kuandika juu kabisa ya ubao, kusahihisha madaftari ya darasa zima usiku, kubeba ndoo ya maji kutoka bombani. Kipimo kimoja, wanawake wawili, na kila mmoja akajiona kwenye karatasi yake.

Vifaa vilifuata. Cha kwanza ni dainamomita, mpini wa chuma wenye saa ya kilo, wa kupimia nguvu ya kukamata. Unakaa, kiwiko unakikunja pembe mraba ubavuni, unaminya kwa nguvu zako zote, unapumzika, unarudia mpaka mara tatu, kisha mkono wa pili. Kulia nilipata kilo 22, kushoto 26. Mimi natumia kulia. Kwa kawaida mkono anaoutegemea mtu ndio unaozidi kidogo, kwa hiyo namba zile ziligeuka kichwa chini, na kijana alizitazama kwa muda kabla ya kuandika. Akaniuliza mkasi wangu ukoje. Nilikuwa nao kwenye kikapu, nikautoa. Akaufungua na kuufunga, akapima upana wa mpini kwa vidole vyake, akaona springi imekufa na mkono wangu ndio unaofanya kazi ya kuufungua kila baada ya kukata. Mtu akikata matawi mamia kwa siku, hesabu hiyo ni kubwa. Nimeshabadilisha mkasi. Ushauri ule peke yake naupa nusu ya ile elfu arobaini.

Kipimo cha kiti hakikunifaa sana. Unakunja mikono kifuani, unasimama na kukaa kwa sekunde 30, wanahesabu umesimama mara ngapi. Kiti kiliegemezwa ukutani kisiteleze kwenye vigae, na hilo ni jambo jema. Lakini kipimo hiki asili yake ni wazee, na shambani kwetu hakuna kiti. Nikasema, "Mwanangu, sisi tunachuchumaa." Hakubisha. Akaniambia nichuchumae mpaka chini, visigino visinyanyuke, kisha ninyanyuke bila kushika goti, naye akaandika ni mara ya ngapi nilianza kujishika. Mtaalamu anayesikiliza hivyo nampa heshima yake.

Kutembea dakika sita nako kulinipa kidogo. Kipimo kinataka njia iliyonyooka ya mita 30, lakini wao wana varanda isiyofika nusu ya hapo, kwa hiyo nilikuwa nageuka kila mara, na kila ukigeuka unapoteza mwendo. Namba waliyoandika ni ndogo kuliko miguu yangu, na ukilinganisha na ya mtu aliyepimwa kwenye njia ndefu utaonewa. Wakodi uwanja, au wapime nje barabarani asubuhi kabla vumbi halijaanza.

Kipimo cha kubeba ndicho kilichobadilisha namna ninavyofanya kazi. Walileta kreti ya plastiki na mifuko midogo ya mchanga iliyopimwa. Unainua kutoka chini mpaka kiunoni, unatembea nayo, unaitua, wanaongeza mfuko. Kijana hatazami kreti, anatazama mgongo wako, magoti na pumzi. Tulipofika kilo 15 akasema:

"Mama, tua hapo."

"Mbona bado naweza? Kreti ya zabibu ina zaidi ya hii."

"Najua mama. Umeanza kubana pumzi na mgongo umejikunja. Mwili wako umeishia hapo, zilizobaki ungebeba kwa ujasiri tu."

Nilitua. Msimu huu kreti zangu hazijazwi mpaka juu, na za kupeleka barabarani zinakwenda na toroli. Tunapiga safari nyingi zaidi, ndiyo, lakini nakata zabibu mpaka jioni na kesho yake naamka.

Sasa madodoso, yaani karatasi za maswali. Walitumia mawili. La kwanza ni la Shirika la Afya Duniani, WHODAS 2.0, lile fupi lenye maswali 12: kusimama kwa dakika 30 mfululizo, kutembea kama kilometa moja, majukumu ya nyumbani, kujifunza jambo jipya, kushiriki shughuli za jamii, kuelewana na watu usiowajua, na kadhalika. Unajibu kuanzia "hakuna shida" mpaka "siwezi kabisa". Kuna swali la ni kwa kiasi gani matatizo ya afya yamekugusa kihisia. Wifi alilijibu kwa muda mrefu kuliko yote, maana tangu bega lianze, watu wanamuuliza ametumia dawa gani, hakuna aliyemuuliza anajisikiaje kusimama mbele ya watoto akiwa na maumivu. Swali hilo lisiondolewe.

Ila WHODAS inauliza kuhusu siku 30 zilizopita, na hapo mkulima anapotea. Nilikwenda mwezi wa sita. Zabibu zilikuwa bado kijani, kupogoa kumepita, mavuno hayajafika. Ndani ya zile siku 30 sikuwa nimebeba kreti hata moja, kwa hiyo kwa mujibu wa karatasi shida yangu ni ndogo. Aliyelitunga alikuwa na sababu zake, watu wanakumbuka vizuri yaliyo karibu. Lakini kazi za Dodoma vijijini zinakwenda kwa msimu, na mtu akipimwa wakati wa kupumzika ataonekana mzima. Nilimwambia kijana aandike pembeni tarehe na msimu, akaandika. Ningependa liwe jambo la kawaida kwa kila mkulima anayeingia pale, asisubiri mtu aombe.

La pili ni la Ufini, lilianza miaka ya 1980 kwa ajili ya wafanyakazi hasa. Alama zinaanzia 7 na kuishia 49. Linaanza kwa kukutaka ujilinganishe na wewe mwenyewe wa miaka yako bora: kama wakati ule ulikuwa 10, leo ni ngapi? Linaendelea na mahitaji ya kazi ya mwili na ya akili, magonjwa uliyonayo, siku ulizokosa kazi. Kisha linakuuliza kama, kwa afya uliyonayo, utaweza kuendelea na kazi hii miaka miwili ijayo. Nilikaa na swali hilo. Nina watoto shuleni, shamba halijamaliza kulipa gharama zake, na sijawahi kuketi nikajiuliza mwili utanifikisha wapi. Nikajibu kwamba sina hakika. Jumla yangu ikawa 33, ambayo ni wastani. Wifi alipata 38, ambayo inahesabiwa nzuri, kwani nzuri ni 37 mpaka 43.

Nilirudia kupimwa mwezi wa nane, mavuno yakiwa mlangoni, baada ya mazoezi aliyonipa ya kiuno na mkono. Alama zangu tatu zikawa 6, 3 na 8. Nilifurahi, lakini kijana akanituliza: ukichukua wastani, nimepanda kutoka 4.3 hadi 5.7, na tofauti isiyofika alama mbili kwenye wastani inaweza kuwa ni kupanda na kushuka kwa kawaida tu. Angeweza kunisifia nikaondoka na furaha na kumletea wateja. Aliniambia ukweli, na kwa sababu hiyo namwamini hata pale ambapo ripoti yake inanikera.

Maana yapo yanayokera. Mlangoni kuna ngazi tatu hazina hata bomba la kushikia, na wanaokuja pale ni watu wa magoti na viuno. Chumba cha maswali kimetengwa kwa pazia tu, mimi nilisikia majibu ya wifi, na wifi ni mtu wangu, lakini aliyekaa kwenye benchi naye alisikia. Ripoti imechapwa Kiingereza. Nilipoomba, niliandikiwa Kiswahili kwa kalamu nyuma ya karatasi, na maandishi yale ya kalamu ndiyo ninayoyatumia.

Lipo na hili. Mwenye shamba mmoja ninayemsimamia alipoona karatasi yangu aliuliza kama angeweza kuwaleta vibarua wote wapimwe kabla ya msimu. Nilimkatalia kwanza, nikamweleza sababu. Kibarua analipwa kwa siku. Akiandikwa kwamba mwisho wake ni kilo 15, kesho atachukuliwa mwingine, naye atarudi nyumbani mikono mitupu. Mimi karatasi nilikabidhiwa mwenyewe na nikaamua mwenyewe cha kufanya. Wakipimwa, majibu yawe yao, na tajiri anunue toroli kwanza. Nilimwambia pia asichanganye jambo hili na WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi: aliyeumia akiwa kazini ana haki ya fidia kwa mujibu wa sheria, na tathmini ya fidia ina utaratibu wake. Karatasi ya Area C haichukui nafasi hiyo.

Kwa anayetaka kwenda: piga simu kwanza, kwa sababu mtaalamu ni mmoja na akipata mgonjwa wa kiharusi utasubiri sana. Nenda msimu wa kazi ukiwa umepamba moto, au ndani ya wiki chache baada yake. Vaa nguo unayoweza kuchuchumaa nayo. Na chombo chako cha kazi, iwe mkasi, mwiko, pasi au cherehani ndogo ya mkono, kibebe uende nacho, umwekee mezani kabla hajaanza kuuliza.