Lenzi Moja ya Kutembea Nayo Mwanza: Ipi Ununue Kwanza

Wapiga picha wana ushauri wao wa siku nyingi: kitu kikiwa mbali usivute zumu, sogea kwa miguu. Ukiwa Makoroboi katikati ya meza za wafanyabiashara, ushauri huo hauna kasoro. Lakini kwetu miguu inaishia ukingoni mwa ziwa. Uko juu ya kivuko cha Kamanga, umeshika bomba la chuma, na mvuvi anavuta nyavu zake mita sitini kutoka ulipo. Yangeyange ametua juu ya jiwe na kati yenu ni maji matupu. Hapo huna pa kusogea. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa ajili ya mtu mwenye bodi moja ya kropu (yaani kamera yenye kihisi kidogo cha mwanga), mwenye pesa ya lenzi moja, anayeishi kati ya miamba na maji. Anayeishi kwingine anaweza kuipanga tofauti, na atakuwa sahihi.

Kwanza hesabu ya kropu, maana ndiyo inayowapoteza wengi. Kihisi cha mwanga ndani ya kamera hizi ni kidogo kuliko fremu kamili ya milimita 36 kwa 24. Kwenye Canon unazidisha milimita za lenzi (zikiwa ndogo inaona pana, zikiwa kubwa inavuta karibu) kwa 1.6, kwenye Nikon, Sony na Fujifilm unazidisha kwa 1.5. Lenzi ya 18 inaona kama 27 au 29 ya fremu kamili. Lenzi ya 24 inaona kama 36 au 38, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Mimi niliielewa sebuleni kwa watu, Nyakato, siku ya mahari. Nilikuwa nimenunua 24-105 ya fremu kamili kwa sababu kila mtu aliisifu. Wazee wa pande zote mbili wamekaa kuzunguka kuta, mgongo wangu umegusa mlango, na bado wajomba wawili wa upande wa kushoto wanakatwa. Ikabidi niwaombe wasogee. Mzee aliyevaa kanzu yake safi na kukaa mahali alipopangiwa hapaswi kuombwa ahame kwa sababu ya kamera. Tangu siku ile nina sharti ambalo silivunji: lenzi ya kutembea nayo kwenye bodi ya kropu ianze kwenye 18 au chini ya hapo.

Nafasi ya kwanza: 18-135 na ndugu zake

Kwa mtu wa Mwanza hii ndiyo ninayoipa namba moja, na sisiti. Canon wana EF-S 18-135, ile ya STM ya mwaka 2012 na ile ya USM ya 2016 (herufi hizo ni aina ya injini ya fokasi). Nikon wana 18-140 VR ya mwaka 2013, na kabla yake 18-105 VR iliyotoka 2008 pamoja na D90. Sony wana 18-135 yao ya mwaka 2018, na Fujifilm wana 18-135 iliyozibwa dhidi ya maji na vumbi. Kwa kamera mpya zisizo na kioo ndani (mirrorless), Canon wana RF-S 18-150 na Nikon wana Z DX 18-140, kila moja ikiwa na uzito wa gramu mia tatu na kidogo. Hiyo unaivaa shingoni kutwa nzima na ukifika nyumbani bado shingo inageuka.

Nirudi kivukoni nikuonyeshe ninachomaanisha. Kwenye 55, mwisho wa lenzi ya kawaida inayokuja na kamera, yule mvuvi ni kijiti cheusi juu ya mtumbwi. Ukifika 135 ameongezeka karibu mara mbili na nusu: unaona kiraka cha bluu kwenye tanga, unaona kamba imekaza kati ya vidole vyake, unaona maji yanachuruzika kutoka kwenye kiwiko. Picha ya kwanza inamwonyesha mtazamaji kwamba kuna ziwa. Ya pili inamwonyesha kazi ya mtu. Kisha kivuko kinakaribia mjini, unarudisha zumu hadi 18, na Jiwe la Bismarck linaingia lote pamoja na mawingu yake. Lenzi haijatoka kwenye bodi.

Na hiyo ni sababu ya pili ya kuipenda: haitoki. Mnawajua wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi wa kuni mbichi, kisha jioni wakajaa kwenye kila taa. Niliwahi kubadilisha lenzi Capri Point wakati jua linazama, harakaharaka, nikielekeza bodi juu. Mmoja aliingia. Picha zote za wiki ile zilikuwa na doa jeusi palepale angani, juu kulia. Pamoja na vumbi la kiangazi na matone ya kivukoni, lenzi usiyolazimika kuifungua inakulinda kuliko mfuko wowote wa bei ghali.

Kasoro yake niiseme wazi. Tundu lake la kuingiza mwanga (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga ni mwingi) linaanzia f/3.5 kwenye upana na kufikia f/5.6 ukivuta hadi mwisho, na hizo za Canon RF-S na Nikon Z zinafika f/6.3. Mchana hutajali. Usiku utajali sana, na hapo ndipo inapoingia nafasi ya pili.

Nafasi ya pili, ambayo kwa wengine ni ya kwanza: zumu ya f/2.8

Kama kamera inakulisha, yaani unapiga sendofu, kicheni pati, ubatizo na mahafali, geuza orodha yangu na uanze hapa. Hesabu ni hii: f/2.8 inaingiza mwanga mara nne ya f/5.6. Ukumbini, mahali ambapo f/2.8 inakuruhusu kukaa ISO 1600 (ISO ni usikivu wa kamera kwa mwanga), lenzi ya f/5.6 inakudai ISO 6400 kwa kasi ileile ya shata. Kwenye bodi za zamani za kropu, ISO 6400 inajaza chenga usoni mwa bibi harusi, na hakuna programu itakayomrudishia ngozi yake ilivyokuwa.

Kwa kamera zenye kioo, Sigma 17-50 f/2.8 yenye kizuia mtikisiko ndiyo ninayoiona kuwa na thamani kuliko zote. Ni ya mwaka 2010, kwa hiyo zilizotumika zipo. Canon 17-55 f/2.8 ni nzuri zaidi kwenye kasi ya fokasi, lakini ina gramu 645 na bei yake hushuka polepole. Tamron 17-50 ya zamani, isiyo na kizuia mtikisiko, ina picha kali ila injini yake ya fokasi inalia. Kanisani wakati wa sala kila mtu atakusikia.

Wenye Sony au Fujifilm wana bahati. Sigma 18-50 f/2.8 ya mwaka 2021 ina uzito usiofika gramu 300, na ilipotoka kwa Sony ilitangazwa kwa dola 549 za Marekani. Sasa ipo hata kwa Canon RF, yaani kamera za Canon zisizo na kioo. Haina kizuia mtikisiko, kwa hiyo kama bodi yako nayo haina, jizoeze kubana viwiko kifuani. Tamron 17-70 f/2.8 inacho, na zile milimita 20 za ziada zinasaidia kwenye picha za uso, ila ina gramu 525 na ilianzia dola 799. Bei za madukani kwetu hufuata dola na ushuru, kwa hiyo zichukulie namba hizo kama kipimo cha kulinganisha tu.

Kwa nini basi siiweki juu kwa kila mtu? Kwa sababu ya maji. Kwenye 50 kila kitu kilicho ziwani kinabaki kidogo.

Nafasi ya tatu: 18-55 uliyonayo, na 50 ya f/1.8 pembeni

Hii ni kwa mwanafunzi, au kwa mdogo wangu aliyenunua kamera akaishiwa hapo. Lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera haistahili dharau inayopewa. Ile ya Canon ya STM ina gramu 205 na mchana ni kali. Ongeza Canon 50 f/1.8 STM, au Nikon 35 f/1.8 DX, na sasa unaweza kupiga usiku kwa pesa ndogo kuliko lenzi nyingi za nafasi mbili za juu. Utabadilisha lenzi mara kwa mara, basi tu. Fanya hivyo ndani, taa ikiwa mbali, bodi ikitazama chini.

Jambo moja la kuangalia: kwenye 18-55 za zamani, za Canon kabla ya STM na za Nikon kabla ya AF-P (injini yao mpya ya fokasi), kioo cha mbele huzunguka wakati wa fokasi. Ukifunga filta ya polaraiza ya kukata mng'ao wa maji, inazunguka nacho, unaanza kuirekebisha upya kila picha.

Nafasi ya nne: zumu ndefu kupita kiasi

Tamron 18-400 na jamaa zake, 16-300 na 18-300. Naelewa mvuto. Ukienda kisiwa cha Saanane kuwatazama pimbi na ndege, 400 ni tamu. Lakini unabeba gramu 710, mwishoni uko f/6.3, na jioni fokasi inatafuta huku na huku mpaka ndege anaruka. Nunua kama ndege na wanyama ndio shauku yako na safari nyingine ni za mchana. Vinginevyo, pesa hiyo inatosha 18-135 iliyotumika, na inabaki.

Kuhusu 24-70 na 24-105 za fremu kamili, sebule ya Nyakato imeshajibu. Anayekwambia "nunua sasa, utahamia fremu kamili baadaye" mwambie utainunua hiyo baadaye.

Ukinunua iliyotumika

Wengi wetu tutanunua iliyotumika, kwa hiyo hapa nikae kidogo. Hewa yetu ya ziwani ina unyevu, na lenzi iliyofungiwa kabatini ndani ya mfuko wa ngozi huota ukungu. Niliwahi kununua moja iliyoonekana safi kabisa dukani. Usiku nikaiwekea tochi ya simu nyuma, nikatazama kwa mbele kwa pembe: nyuzi nyembamba zimetambaa ndani ya kioo kama utando wa buibui. Pesa haikurudi. Fanya jaribio hilo kabla ya kutoa hata senti, na umwombe muuzaji kivuli kama dukani kuna mwanga mkali. Ukishafika nayo nyumbani, ihifadhi kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Wenye Nikon, sikilizeni zaidi. Bodi za D3000 na D5000 na wadogo zao wote hazina injini ya fokasi ndani, kwa hiyo tafuteni lenzi iliyoandikwa AF-S, yenye injini yake yenyewe. Za AF-D, zisizo na injini, mtazungusha kwa mkono. Na zile za AF-P hazifanyi fokasi kwenye D3100, D3200, D5100 wala D90. Muuzaji anaweza asilijue hilo, hivyo nenda na bodi yako mwenyewe.

Elekeza lenzi chini uone kama zumu inateleza yenyewe. Vuta na urudishe mara kumi usikilize kama kuna mchanga. Kisha simama mlangoni, tafuta ukuta wa matofali ng'ambo ya barabara, simama sambamba nao, weka 18 na f/5.6, piga, na ukuze picha kwenye kioo cha kamera kona moja baada ya nyingine. Kona zote nne zikilegea kidogo kwa usawa, hiyo ni tabia ya lenzi za aina hii. Moja ikilegea kuliko tatu zilizobaki, vioo vya ndani havijakaa sawa, na huenda lenzi ilishaanguka. Mrudishie mwenyewe, mshukuru, uondoke.