Kliniki ya ini na utumbo Kampala: mashine ilisema salama, daktari akagoma

Nianze na sifa, malalamiko yanakuja. Ni kliniki ya binafsi, ghorofa ya pili, mwendo mfupi kutoka Wandegeya, na kazi yao ni ini, tumbo na utumbo basi. Jina siliandiki, kwa sababu kuna habari ya choo huko mbele na sipendi kumwaibisha mtu aliyemtibu mdogo wangu vizuri.

Tulitoka Arua wawili, kila mmoja na ugonjwa wake. Mdogo wangu ni dereva wa lori la Juba. Alijitolea damu, ikapimwa kama inavyopimwa damu yote ya kuchangia, akaitwa na kuambiwa ana homa ya ini B. Mimi nilikuwa naona damu nikienda haja kubwa, na kila duka la dawa nililoingia lilikuwa na jibu moja: "Mama, hivyo ni vidonda vya tumbo," halafu omeprazole ya kupunguza asidi na flagyl kwenye kibahasha. Kwetu kila tumbo linalouma ni vidonda.

Kabla ya hapo kuna jamaa walipita mtaani na hema na spika, wanapima "mwili mzima" kwa kijiti unachokishika kiganjani. Dakika moja tu, kompyuta inatema kurasa kibao: ini, figo, mifupa, mpaka zinki. Mdogo wangu akaambiwa ini lina "sumu na mafuta", na dawa ya kulisafisha, ajabu, ilikuwa pale pale mezani. Kijiti cha kushika mkononi hakioni virusi wala kovu. Hela ile ilikuwa nauli ya basi kabisa.

Sasa kliniki. Daktari alipotusikia akaacha Kiingereza, akaingia Kiswahili, kile cha kasi cha watu wa Malaba, mpakani na Kenya. Hakukimbilia mashine. Alimuuliza mdogo wangu kama anakunywa waragi, dawa gani za mitishamba amewahi kutumia, nani nyumbani kwao aliwahi kuvimba tumbo au kufa na ini. Kisha: "Ulikulia wapi, bwana?" Panyimur, kando ya Ziwa Albert. "Na mlikuwa mnaogelea?" Mdogo wangu akacheka. Mtoto wa Panyimur asiogelee, aoge wapi? Daktari hakucheka, aliandika.

Damu ikatolewa: vimeng'enya vya ini, hesabu ya chembe zote za damu, na kiasi cha virusi vyenyewe. Kisha ultrasaundi, kisha hiyo mashine ambayo watu wanaifuata kutoka mbali, Fibroscan. Unalala chali, mkono wa kulia juu ya kichwa, wanapaka jeli katikati ya mbavu, kisha kidude kinakugonga kidogo kidogo kama mtu anayekupiga kwa ncha ya kidole. Wimbi linapita kwenye ini na mashine inapima kasi yake. Ini gumu hupitisha wimbi haraka kuliko ini laini. Wanahitaji vipimo 10 vilivyo safi. Hapa nesi nampa alama zote. Alimuuliza amekula saa ngapi, na aliposikia kuna rolex, chapati ya mayai, iliyoliwa njiani, akamtoa kitandani. "Kaka, saa tatu bila chakula, ndiyo tupime." Mdogo wangu akanung'unika, lakini nesi alikuwa sahihi: chakula huongeza damu kwenye ini na namba inapanda bure.

Namba ikatoka: 6.4 kilopaskali. Karatasi waliyotupa inasema chini ya 7 hakuna kovu la maana. Nilishaanza kumshukuru Mungu. Wengi, nadhani, wangelipia, wangekunja karatasi na kupanda basi la usiku.

Daktari akagoma. Akaiweka ile karatasi pembeni, akavuta nyingine mbili. Chembe sahani za damu, zile zinazogandisha, zilikuwa elfu 80 na kitu, na kawaida ni 150,000 kwenda juu. Ultrasaundi ilionyesha bandama kubwa, na utando mweupe wa kovu umezunguka mshipa unaoingiza damu kwenye ini. "Hii si homa ya ini B peke yake," alisema. "Hiki ni kichocho cha tumbo."

Akatuchorea nyuma ya fomu. Minyoo ya kichocho huingia kupitia ngozi mtu akiogelea ziwani, kisha hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, inataga. Mayai mengine hutoka na choo, mengine husombwa na damu mpaka ini, yanakwama, na kovu linajengeka kuzunguka mshipa. Damu inakosa njia, inarudi nyuma: bandama inavimba na kuzimeza zile chembe sahani, na mishipa ya koo la chakula inatutumka. Nyama yenyewe ya ini inabaki laini, ndiyo maana mashine inayopima ugumu iliona salama. Nilimuuliza, sasa mashine ya nini? Akasema inafaa sana kwa homa ya ini B na kwa pombe, ila haijui mtu alikulia wapi.

Kamera ikapitishwa mdomoni. Mishipa ilikuwa imetutumka kweli, ile inayowafanya watu wa kando ya ziwa watapike damu ghafla na majirani waseme karogwa. Miwili ilifungwa siku hiyo hiyo kwa vipira vidogo. Akaandikiwa propranolol ya kupunguza msukumo kwenye mishipa hiyo, na prazikwanteli ya kuua minyoo, iliyopimwa kwa uzito wake. Virusi navyo vilikuwa vingi kiasi cha kuanza tenofovir, dawa ya kuvizuia, na hapa ndipo kliniki iliponikosha: hawakumuuzia. Walimwandikia barua ya hospitali ya rufaa ya Arua, anakoipata bure, na wakasisitiza mkewe apimwe na kuchanjwa. Watoto wao walishapata chanjo hiyo kliniki ya watoto. Uganda imekuwa ikiwachanja watoto wachanga tangu 2002.

Upande wangu mambo hayakwenda laini hivyo. Walitaka kupima kwa choo yule bakteria anayeleta vidonda vya tumbo, wakakataa kile kipimo cha damu cha duka la dawa, kwa sababu damu inaendelea kuonyesha "yupo" hata bakteria akishakufa. Sawa. Lakini omeprazole inatakiwa iachwe wiki mbili kabla, na aliyepokea simu yangu nilipoweka miadi hakunena. Kipimo hicho kikaahirishwa. Mtu wa Arua unamwambia arudi wiki mbili baadaye!

Kisha kolonoskopi, kamera ya njia ya nyuma. Siku ya kuamkia ni supu ya maji na chai ya rangi tu, halafu dawa ya unga kwenye maji mengi, nusu jioni, nusu alfajiri. Sisi tunaotoka mbali tuliruhusiwa kunywa nusu ya pili pale kliniki. Picha ni hii: benchi limejaa watu wazima, kila mmoja na chupa yake, hakuna anayezungumza, na choo ni kimoja. Ufunguo uko kwa askari. Askari kashuka chini kununua chapati. Mzee mmoja wa heshima, kanzu nyeupe, alisimama mlangoni ameshika kitasa kwa mikono miwili. Sisemi zaidi.

Kamera yenyewe sikuisikia, walinipa dripu ya usingizi. Bawasiri ipo, na polipu moja, kinyama kilichoota ndani ya utumbo, chini ya sentimita 1, wakaikata papo hapo kwa sababu nyingine hugeuka saratani baada ya miaka. Majibu ya maabara yalikuwa mema, ila nilipiga simu mpaka nikachoka, kumbe yalishafika na hakuna aliyenitafuta.

Wakanipa na karatasi ya chakula: oti, brokoli, mkate wa ngano nzima. Kampala! Denis Burkitt, yule daktari wa upasuaji wa Mulago, alikwenda kuwahubiria Wazungu makapi ya nafaka kwa sababu ya kile alichokiona kwenye sahani na kwenye vyoo vya Waafrika, nasi leo tunarudishiwa brokoli. Wangeandika dodo (mchicha wetu), kunde na ugali wa wimbi na muhogo, mama yangu naye angeelewa.

Bei hazikubandikwa popote. Fibroscan ilikula laki mbili na nusu, na kufunga mishipa tuliambiwa bei mtu akiwa ameshaamka. Mobile money wanapokea. Chukueni karatasi zenu zote za zamani, daktari anazisoma kweli. Mdogo wangu anarudi kufungwa mishipa iliyobaki, na safari hii nimewaambia mapokezi wanitumie hesabu yote kwa maandishi kabla hajakata tiketi.