Star Analyser 100 kwa gesi za kometi: tatizo ni mahali unapoifunga

Star Analyser 100 ya Paton Hawksley, Uingereza, ni kioo chenye mistari 100 kwa kila milimita kinachotawanya mwanga kuwa spektra, yaani rangi zake, ndani ya pete ya inchi 1.25 inayofungwa kama chujio lolote la darubini. Haina betri wala mwanya mwembamba wa kuchuja mwanga. Kwa nyota ni mali safi. Kwa kometi, ukiifunga pasipofaa utaona doa la rangi tu.

Wengi huiweka ndani ya darubini, mm 40 kutoka kwenye sensa. Kwa pikseli za mikroni 3.75 unapata kama nanometa 0.94 kwa pikseli, inatosha kabisa. Lakini kometi si nukta. Ukungu wake wenye upana wa sekunde 80 za tao angani (sekunde ya tao ni 1/3600 ya digrii), kwenye darubini yenye fokasi ya mm 500, unakuwa doa la mm 0.2, nalo linasambaza kila mstari wa spektra kwa nanometa 50 hivi. Mikanda ya Swan, yaani mwanga wa gesi ya kaboni ya atomi mbili, ile iliyoipa kometi C/2022 E3 (ZTF) ukijani wake mwaka 2023, iko karibu na nanometa 474, 516 na 563. Itamezana yote.

Ihamishie mbele ya lenzi ya kamera ya mm 200. Ukungu uleule sasa unaharibu nanometa 4 tu, na spektra hadi nanometa 700 inachukua mm 14, ikaenea vizuri kwenye sensa ya APS-C, yenye upana wa mm 23 hivi. Gharama yake ni mwanga: kioo ni kidogo, lenzi inabaki kama f/8, yaani tundu dogo la mwanga, kwa hiyo stendi inayofuata nyota ni lazima. Zungusha kioo mpaka spektra ikate mkia kimsalaba. Zikilala mstari mmoja, mkia wenyewe utafuta mikanda.

Bila kugusa fokasi, piga picha nyota Vega upate mistari ya hidrojeni ya kupimia, nanometa 486.1 na 656.3, kisha 18 Scorpii, nyota inayofanana na Jua. Vumbi la kometi huakisi mwanga wa Jua, na usipougawanya utoke, mabonde ya kalsiamu (mistari ya giza katika mwanga wa Jua) ya 393 na 397 yataharibu usomaji wa sianojeni, gesi nyingine ya kometi, ya 388. Hata hivyo chujio la kiwandani la kamera za kawaida hula sehemu kubwa ya eneo hilo. Sianojeni isipoonekana, shuku kamera kwanza.

Anayetaka kupima kiasi cha gesi, si kuitambua tu, atafute spektrografu (kifaa kamili cha kurekodi spektra) yenye mwanya, kama Alpy 600.