Seti ya Mipasuo Miwili ya Kariakoo: Leza Nzuri, Polaroidi Zina Kazi

Kwa mwalimu wa fizikia Dar es Salaam anayetaka wanafunzi wapime ubainifu wa mistari ya mwingiliano (mistari ya mwanga na giza inayotokea mwanga wa mipasuo miwili ukikutana), si kuitazama tu, seti hii inayouzwa Kariakoo inafaa kununuliwa. Ina leza nyekundu ya nanomita 650, slaidi yenye mipasuo iliyoachana milimita 0.25, na vipande vitatu vya polaroidi, yaani vichujio vinavyopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu. Ukuta ukiwa mita 2 mbele, mistari hupishana kwa milimita 5.2. Hesabu kumi kwa rula. Ukipata tofauti kubwa, slaidi si ya kipimo kilichoandikwa, irudishe.

Ubainifu ni mng'ao wa mstari angavu kutoa wa mstari wa giza, gawanya kwa jumla yao. Ukisoma 100 na 2 kwenye picha ya simu, jibu ni 0.96. Acha dirisha wazi, mwanga wa nje uongeze 50 kila mahali: sasa ni 150 na 52, jibu linaporomoka hadi 0.49, na leza haina kosa lolote. Kwa hiyo ziba leza, piga picha ya chumba peke yake, uitoe kwenye ya kwanza. Simu nayo ifungie mwangaza isijirekebishe; mstari wa katikati ukiwa mweupe pe, kamera imezidiwa na namba hiyo haifai kitu. Leza ikikaa upande, mpasuo mmoja ukapata robo ya mwanga wa mwenzake, hutapita 0.8.

Udhaifu uko kwenye polaroidi. Maelezo yanataka ubandike moja wima na nyingine mlalo, kila moja kwenye mpasuo wake. Kiungo chao kiangukie ndani ya robo milimita! Gundi ikitambaa tu, slaidi imekwisha. Afadhali kuacha slaidi, kuvuta unyuzi mmoja wa waya wa umeme, polaroidi ya wima upande huu na ya mlalo upande ule, na kuumulika; mwanga unaopita pande zake mbili ndio unaokuwa kama wa mipasuo miwili. Zungusha leza hadi pande zote mbili zing'ae sawa. Mistari itapotea, weka polaroidi ya tatu kwa nyuzi 45 mbele ya ukuta, itarudi.

Boksi limeandikwa “kwantamu”, yaani fizikia ya chembe mojamoja, lakini leza hii humwaga fotoni (chembe za mwanga) kwa wingi mno, na nadharia ya mawimbi peke yake inaeleza yote hayo. Mwaka 1909 mwanafizikia Mwingereza G. I. Taylor alififisha mwanga hadi picha moja ya kivuli cha sindano ikachukua kama miezi mitatu, na mistari ikabaki bayana vilevile. Wanafunzi waambiwe tofauti kati ya mwanga mwingi wa leza hii na mwanga hafifu kama huo.

Dukani chagua leza ya kuchomeka umeme. Betri za vidonge hufifia katikati ya kipindi, na picha ya kabla na ya baada ya polaroidi hazilinganishiki tena.