Uzoefu wangu: siku ya tatu ya safari ya baiskeli ya hisani, kilomita 128

Tangu nirudi watu wananiuliza kama hii safari inafaa kulipia au bora mtu atoe tu mchango wake abaki nyumbani. Mi nasema nendeni, ila kuna jambo moja waandaaji lazima walirekebishe na ntalisema wazi. Safari nzima ilikuwa siku tano, naelezea ya tatu tu maana ndo iliyonionyesha hii huduma ikoje. Siku ya kwanza kila mtu ana nguvu na kila mwandaaji anaonekana mzuri.

Kwanza hela, maana ndo swali la wengi. Gharama ya safari unalipa mwenyewe mfukoni, na michango unayokusanya kwa ndugu na marafiki inaenda upande mwingine kabisa, kwenye matibabu ya watoto wanaozaliwa na nyayo zilizopinda. Tiba yenyewe ni plasta zinazobadilishwa kila wiki kwa wiki kadhaa, halafu viatu maalum vya kulalia mpaka mtoto afike miaka minne hivi. Kwa hiyo mtu aliyenichangia hakunilipia mimi hoteli, na hilo niliweza kumwambia nikimwangalia usoni. Kama unatafuta safari ya hisani, uliza hili kabla hujauliza kitu kingine chochote.

Haya, asubuhi ya siku ya tatu. Niliamka vidole viwili vya mkono wa kulia, cha pete na cha mwisho, vimekufa ganzi, na makalioni panawaka. Nikaenda kwa fundi wa msafara nikidhani ataniambia nivumilie, kumbe akachukua kipimo akakiweka juu ya siti, akanionyesha pua ya siti imelala chini, yaani siku mbili nzima nilikuwa nateleza kwenda mbele na uzito wote unaangukia viganja, pale kwenye mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye hivyo vidole viwili. Akainyoosha ikawa sawa, dakika tano tu. Akaniuliza pia kama navaa chupi ndani ya bukta ya baiskeli, nikasema ndio, akaniambia vua, ule mshono ndo unakukwangua, bukta yenye pedi inavaliwa bila kitu ndani halafu unapaka mafuta. Aisee kwa huyo fundi peke yake nawapa alama zote.

Kilomita 60 za mwanzo zilikuwa tambarare, upepo wa ubavu. Hapa ndo nilielewa kwa nini watu wanaendesha kwa kundi. Kiongozi alitupanga kwa mshazari, kila mmoja nyuma kidogo na pembeni ya mwenzake upande usiopigwa na upepo, na kila baada ya muda aliyeko mbele anatoka anarudi nyuma kupumzika. Ukiwa umejificha vizuri unaokoa nguvu nyingi, robo au hata zaidi, unasikia kabisa miguu imekuwa myepesi. Ila lazima usimwamini mtu kimya kimya, mnaongea muda wote, shimo, gari nyuma, napunguza, mkono unanyooshwa kila saa. Kulikuwa na mzee wa miaka 61 hajawahi kuendesha hivyo, hofu ikamshika, kiongozi akakaa ubavuni kwake karibu nusu saa akimfundisha umbali wa kuacha kati ya tairi na tairi. Hakumfokea hata mara moja.

Baada ya chakula cha mchana ndo mlima ukaanza, na hapa ndo lawama yangu. Kutoka kituo cha maji cha kilomita 70 mpaka kinachofuata kulikuwa na kilomita 42, nyingi za kupanda, jua kali, na sisi tuna chupa mbili mbili. Kwenye tambarare umbali huo ni mdogo, ila mlimani unaenda kilomita 9 kwa saa na jasho linatoka kama bomba, lita moja na nusu inakwisha njiani. Mi nilibana maji, na koo likikauka hata kula huli, nikaacha kula. Kosa. Wanga uliohifadhiwa mwilini hautoshi siku nzima ya kukanyaga, unatakiwa uendelee kula kidogo kidogo kila saa. Kilomita ya 98 mwili ukazima kabisa, mikono inatetemeka, jasho la baridi, nikashuka nikakaa kando ya barabara sijui hata gia gani nilikuwa natumia.

Mwendeshaji wa mwisho, yule ambaye kazi yake ni kutompita mtu yeyote, akasimama na mimi. Akanipa tende nne na maji yenye chumvi na sukari, akasema kula polepole dada, hatuendi popote. Gari la nyuma likafika, dereva akafungua mlango, ila hakunilazimisha kupanda, akaniuliza tarehe, akaniuliza tumetoka wapi asubuhi, alikuwa anapima kama akili ipo sawa. Nikapumzika dakika 25. Nilipoanza tena yule mwenzangu akakaa mbele yangu kunikinga upepo mpaka juu, spidi yangu mimi, bila kuniambia ongeza.

Nilifika wa mwisho, saa moja na zaidi baada ya wa kwanza. Wote 34 walikuwa bado nje na jezi zao zenye vumbi, hakuna aliyeingia kuoga, maana sheria yao ni picha ya siku haipigwi mpaka namba itimie. Nililia pale, nakubali.

Usiku kwenye kikao nikasimama nikalisema lile la maji na wengine sita wakaunga mkono. Siku ya nne gari la maji lilikuwa katikati ya mlima. Kwenye ratiba ya safari ijayo bado naona ule umbali wa kilomita 42 haujabadilishwa, nimewaandikia tena na nimejiandikisha. Ukienda kabla hawajarekebisha, beba chupa ya tatu mgongoni.